Kamati Imekaa

Abiria ninaowabeba huku Dallas wana maswali matatu, na yanakuja kwa mpangilio uleule: unatoka wapi, umewahi kuona simba, timu yako ipi. Hilo la tatu nilikuwa najibu "Yanga". Miaka miwili. Wanatikisa kichwa kwa heshima, nadhani walikuwa wanaamini ni chuo fulani huko Arkansas.

Kumbe ikifika Novemba, "timu" huku ni timu ya chuo. Futiboli ya Kimarekani, ile ya kukumbatia yai la ngozi na kukimbia nalo huku watu wazito wakikuangukia. Mchezo wenyewe nimeshauelewa, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni nani anaingia kwenye mechi za mwisho wa msimu. Mimi nimekulia kwenye msimamo wa ligi. Ukishinda pointi tatu, sare moja, mkilingana tunahesabu magoli. Hata mlevi anakupigia hesabu kwa kidole kwenye maji yaliyomwagika mezani, na bingwa anampata. Huku kuna vyuo zaidi ya 130 vya daraja la juu, kila kimoja mechi 12 tu, kwa hiyo wengi hawakutani kabisa. Sasa nani bora? Nikaambiwa: inakaa kamati.

Kamati! Mimi nimepanda ndege mbili kuzikimbia kamati Tabata, imenifuata Texas.

Na hii ni kamati kwelikweli. Wajumbe 13. Wanakutana Grapevine, mji wa jirani hapa, kwenye hoteli moja kubwa jirani na uwanja wa ndege, barabara ninayopita kila siku. Huenda nimeshambeba mjumbe na mabegi yake na sikujua, ningemwambia mawili matatu bila kumtoza. Wanaanza vikao mwishoni mwa Oktoba au Novemba, kila Jumanne jioni wanatoa orodha kwenye runinga, na kila Jumanne jioni nusu ya nchi inatukana. Kamati ya kwanza kabisa, ile ya msimu wa 2014, alikuwemo mpaka Condoleezza Rice. Mama aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliyekaa meza moja na marais, amefungiwa hotelini anajadili kama chuo cha Baylor kinakizidi chuo cha TCU.

Hao TCU ni watu wa hapa Fort Worth, kwa hiyo habari yao nimesimuliwa na abiria mpaka naiota. Mwaka huohuo wa 2014 zilikuwa zinachukuliwa timu nne tu kugombea ubingwa. TCU walikuwa namba 3. Wakacheza mechi ya mwisho, wakashinda 55-3. Orodha ikatoka: namba 6. Umeelewa? Umeshinda kwa tofauti ya 52, umeshuka ngazi tatu. Ohio State siku moja kabla ya orodha aliua mtu 59-0, akaingia yeye, na ubingwa akachukua. Mimi hapo nilisema basi, hii ni kamati ya harusi.

Wewe kamati ya harusi unaijua. Umechanga mapema, umechanga yote, una risiti, unapangiwa meza iliyo jirani na choo. Kuna mwenzako kaahidi tu, hajatoa hata shilingi, lakini kavaa suti inayong'aa na ana sauti nzito, anapelekwa mbele na wazazi wa bwana harusi. Ukiuliza, mwenyekiti anakwambia "tuliangalia vigezo mbalimbali". Na Grapevine ni hivyohivyo. Wanaangalia rekodi, wanaangalia ulicheza na nani, nani alimfunga nani, halafu wakishamaliza yote hayo wanakuangalia kwa macho. Kweli, kwa macho! Wanakaa wanatazama video za mechi na kujiuliza: huyu anaonekana kama bingwa? Ng'ombe wa mnadani angalau anashikwa nundu.

Siku iliyonimaliza kabisa ni Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023. Jirani yangu wa ghorofa ya chini ni mzee mmoja aliyesoma Florida State zamani hizo, mtu mkarimu, ndiye aliyenifundisha kukwangua barafu kwenye kioo cha gari bila kukikwaruza. Timu yake ilikuwa imeshinda zote. Mechi 13 ukijumlisha fainali ya kanda, yaani kundi la vyuo wanalocheza nalo ligi, ushindi 13, na ubingwa wa kanda mkononi. Mzee akasema njoo, orodha inasomwa saa tano asubuhi, nachoma mbavu. Alikuwa amezianza tangu alfajiri. Akanivalisha na fulana yao, rangi ya damu ya mzee na dhahabu, ikanibana tumboni lakini nikavumilia kwa ajili ya mbavu.

Ikasomwa namba moja, Michigan. Mbili, Washington. Tatu, Texas. Mzee kashika koleo la kugeuzia nyama, hapumui. Nne: Alabama. Alabama ameshafungwa mechi moja! Na aliyemfunga ni huyohuyo Texas! Mimi nikaruka kwenye kiti, nikapiga kelele kwa Kiswahili, maana hasira ya kweli haina muda wa kutafsiri. Mzee hakusema neno. Alienda kwenye jiko, akafunika mfuniko, akasimama anauangalia moshi unavyotoka pembeni.

Sababu ikaletwa: kwotabeki wao, Jordan Travis, yule mrusha mpira, alivunjika mguu katikati ya Novemba. Kwa hiyo kamati ikaona hii si timu ileile. Lakini bila yeye waliendelea kushinda! Fainali ya kanda walicheza na mrusha mpira wa akiba ya akiba, wakashinda 16-6. Sasa hiyo si sifa? Bibi harusi kavunja kisigino cha kiatu mlangoni, kaingia peku, kacheza mpaka asubuhi, halafu unamwambia ndoa haijafungwa kwa sababu ya kiatu. Kijana mwenyewe akaandika mtandaoni kwamba anatamani mguu ungevunjika mapema zaidi, ili watu waione timu bila yeye. Mzee alinisomea hayo maneno mara mbili. Tukala mbavu zimepoa.

Mwisho wa mwezi wakapelekwa kifuta machozi, mechi ya Orange Bowl kule Miami Gardens, dhidi ya Georgia. Wachezaji zaidi ya ishirini wakajitoa, nani anataka kuumia kwenye mechi ya kuombwa radhi? Wakafungwa 63-3. Sikushuka chini siku hiyo. Nilijifanya niko zamu.

Hapo bado sijazungumzia mabakuli. Mechi hizi za mwisho wa msimu wanaziita bakuli, eti kwa sababu ya viwanja vyenye umbo la bakuli. Nami mara ya kwanza niliposikia mtu anaenda bakuli nikajua supu. La zamani kuliko yote ni lile la Pasadena, Rose Bowl, walicheza mara ya kwanza mwaka 1902 na Michigan akampiga Stanford 49-0. Siku hizi yako mengi kuliko sahani za mama yako. Na mengi hayana habari na ile kamati ya Grapevine. Kila bakuli lina mkataba na kanda zake, linachagua kwa zamu, na linachagua linavyotaka: nani ana mashabiki wa kujaza hoteli, nani atatazamwa kwenye runinga. Mwenye rekodi nzuri anaweza kurukwa akachukuliwa mwenye wajomba wengi.

Sharti ni moja, ushinde mechi sita kati ya 12. Yaani nusu. Na hata hiyo nusu ina mlango wa uani: wenye sita wasipotosha kujaza mabakuli, wanachukuliwa wenye tano, wanapangwa kwa kufaulu darasani. Sitanii. Msimu uleule wa 2023, Minnesota alifungwa mechi saba, akashinda tano, akaitwa kucheza Detroit kwa sababu vijana wanasoma vizuri. Na akashinda 30-24! Florida State kashinda 13 analia, huyu kafungwa saba anapiga picha na kombe.

Zawadi zenyewe sasa. Kuna bakuli la Charlotte linalodhaminiwa na mayonezi, kocha aliyeshinda anamwagiwa ndoo ya mayonezi kichwani. Halazimishwi, kakaa kwenye kiti anasubiri. Kuna la viazi kule Boise, kiwanja chake cha buluu, kocha anamwagiwa chipsi. Na kuna la Orlando, la vitafunwa vile vya kupasha kwenye tosta: mtu kavaa umbo la kitafunwa, anacheza, anapungia watoto, mechi ikiisha anaingia ndani ya tosta kubwa kama kontena huku akishangiliwa, chini kinatoka kitafunwa kikubwa na wachezaji wanakila. Mwanangu wa miaka minne aliniuliza yule mjomba yuko wapi. Nilizima runinga.

Wakasema basi, tumesikia kilio, tunaongeza. Kuanzia msimu wa 2024 timu 12. Nikashusha pumzi, nani atalia tena kwenye 12? Desemba 2025 akalia wa 13. Notre Dame na Miami, wote wameshinda kumi wamefungwa mbili. Miami alimfunga Notre Dame mwanzo wa msimu, 27-24, lakini wiki zote kamati inamweka Notre Dame juu. Wikiendi ya mwisho hakuna aliyecheza kati yao. Wote wako nyumbani wamelala. Asubuhi kamati inaamka, Miami kampita Notre Dame. Kampitia wapi? Notre Dame akasusa, akakataa na bakuli lolote, na Miami akaenda mpaka fainali. Kususa nako nakujua, mjomba wangu alisusa pilau mwaka fulani, na pilau ikaliwa.

Ila kitu kimoja cha Grapevine nilikipenda. Chuo anachofanyia kazi mjumbe kikijadiliwa, mjumbe anatoka nje mpaka wamalize. Nikasema huu ndio ustaarabu, nitaupeleka kwetu. Jumamosi iliyopita tulikuwa na kikao cha harusi, Watanzania wa hapa, sebuleni kwa mtu pale Irving. Likafika jina la shemeji yangu: anakaa meza gani. Nikanyoosha mkono, nikaeleza utaratibu, nikatoka nikasimama kwenye ngazi na baridi lote lile, najisikia kama Condoleezza.

Dakika ishirini. Kuwarudia, shemeji yuko meza ya 19 mgongoni mwa spika, na kwenye daftari mbele ya jina langu pameandikwa: vinywaji vyote, dola 800, ameridhia.