Morris ya Ami: Ifufuliwe Uani au Iuzwe Chuma Chakavu?

Nyuma ya nyumba ya ami, huko Mbweni, Unguja, chini ya mwembe, ipo Morris Minor (gari dogo la Kiingereza) ya mwaka 1967 imekaa juu ya matofali. Kuku wanatagia siti ya nyuma. Ami kastaafu na sasa anataka kuifufua mwenyewe, hapo hapo uani. Mwanawe, ambaye ndiye atakayeombwa pesa, anasema ipelekwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kitakachopatikana kiongezewe pesa inunuliwe Vitz iliyokwisha kutumika Japani. Nikaitwa barazani niamue, kwa sababu niliwahi kufungua injini moja na kuifunga bila ya kubakisha nati. (Zilibaki mbili, lakini hilo ami halijui.)

Maneno ya mwanawe si ya kupuuzwa. Vitz unaipatia spea bila ya kuhangaika, na fundi yeyote mjini anaijua. Morris ina breki za dramu magurudumu yote manne, usukani unaugeuza kwa nguvu za mikono yako, na dainamo yake haichaji vya kutosha ukiwa umesimama njiani usiku na taa umewasha. Mtu anayetaka gari la kwenda Nungwi na watoto na kurudi magharibi bila ya wasiwasi, asije hata kuitazama. Na pesa haitorudi. Ami anasema ataikodisha kwenye maharusi. Mimi namwambia gari la harusi ni lile lisilozimika bibi harusi akiwa ndani, na mpaka Morris ifike hapo atakuwa keshatumia zaidi ya bei ya kuiuza.

Hoja dhaifu ya mwanawe ni ile aliyoishikilia zaidi, kwamba gari la miaka hiyo halina spea. Morris Minor ilisanifiwa na mhandisi Alec Issigonis, ikatoka mwaka 1948, na mpaka inaachwa kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilikuwa zimeshatoka zaidi ya milioni 1.6. Kule Uingereza wapo watu wengi wanaoipenda mpaka leo, kwa hiyo vifaa vyake vingi vinatengenezwa upya: gasketi, viatu vya breki, raba za milango, hata mabati ya ubavu. Kazi ni kuvifikisha Unguja, maana kipande chepesi cha raba kinaweza kugharimu zaidi kusafirishwa kuliko kununuliwa. Mwenye taabu hasa ni aliyebaki na gari la miaka ya 1990 ambalo hakuna aliyelipenda. Taa ya nyuma ikivunjika, basi tena. Ukuukuu wa gari ni jambo moja na uhaba wa spea ni jambo jingine.

Injini nayo hainitishi. Ni ya silinda nne, cc 1,098, kabureta moja, hakuna kompyuta. Ukifungua boneti unaiona ardhi, na mkono unafika kila mahali. Jambo la kuangalia ni petroli. Injini hizi zilitengenezwa zama za petroli yenye madini ya risasi, na risasi ile ilikuwa ikizilinda siti za valvu, yaani pale valvu zinapokalia zikifunga, zisiliwe. Petroli ya namna hiyo iliondoka katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara mwaka 2006. Ikiwa hedi, yaani kichwa cha injini, inafunguliwa kwa jambo jingine, ni vyema ipelekwe kwa wakerezaji itiwe siti ngumu. Ikiwa haifunguliwi, gari la kutembelea mwendo wa taratibu siku ya Ijumaa halitokufa kesho kwa sababu hiyo.

Hapa nitaje jambo dogo ambalo litamtesa ami kuliko injini. Nati za Morris ni za inchi, na sanduku lake la spana ni la milimita, limejazwa na miaka ya Toyota. Spana namba 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi. Inaingia vizuri tu, ila nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo inacheza kidogo. Nati iliyokaa miaka na kutu ukiifungua kwa spana inayocheza, inakula kona, inakuwa duara, na kazi ya dakika moja inageuka ya tindo na nyundo mpaka adhuhuri. Kabla ya kuagiza chochote kingine, aagize spana.

Lakini yote hayo ni maneno ya pembeni. Kwetu gari linakufa kwa sakafu. Tumezungukwa na bahari, upepo wa kusi na wa kaskazi yote inaleta chumvi, na wengi wetu tunayaosha magari kwa maji ya kisima ambayo ukiyaonja yana chumvi pia. Chumvi na unyevu vikikutana juu ya chuma, kutu haingoji. Na Morris haina chasi ya kujitegemea ambayo ungeweza kuinyanyulia bodi pembeni. Bodi na fremu ni kitu kimoja. Vile viboksi vya bati vinavyopita chini ya milango na chini ya miguu ya dereva ndivyo vinavyolishika gari lisikatike katikati. Vikioza, rangi nzuri juu yake ni sanda.

Baya zaidi, silinda kuu ya breki imefichwa huko huko, chini ya sakafu, ndani ya kiboksi cha upande wa dereva. Unaongeza mafuta ya breki kwa kunyanyua kapeti. Kwa hiyo kutu ya sakafu ni suala la breki pia. Mbele nako kuna pini ambazo gurudumu hugeukia wakati wa kukata kona, zina nyuzi kama za skrubu, na uhai wake ni grisi ya mara kwa mara. Zikiachwa kavu, nyuzi zinalika, na siku moja gurudumu linajilaza lenyewe barabarani.

Sasa, je, kazi hii ni ya uani? Nusu yake ndiyo. Kufungua siti, kapeti, milango, kusafisha, kuandika kila boliti imetoka wapi na kuitia kwenye kopo lake, hayo ami anayaweza na gereji ingemlipisha siku nyingi kwayo. Kusugua rangi nakubali kwa sharti. Rangi za zama hizo huenda zina risasi, na wajukuu wanacheza hapo hapo, kwa hiyo asugue kwa msasa wa maji, uchafu ukusanywe, vumbi lisipeperuke. Na asifunue bati kubwa wakati wa masika: unalisugua likang'aa jioni, asubuhi limeshakuwa jekundu. Kipande kidogo, praima siku ile ile, kisha kipande kingine.

Kuchomelea sakafu na kuzifunga breki, hapana. Hilo nilimwambia waziwazi. Bati la kiboksi likichomelewa gari likiwa halikushikiliwa sawasawa, milango haifungi tena, na kulirudisha ni kazi kuliko ya mwanzo. Rangi ya kupulizia yenye hadina, ile dawa ya kuikausha iwe ngumu, pia ipulizwe kwa fundi mwenye barakoa ya maana. Kitambaa cha kujifunga puani hakizuii kitu.

Basi nikaomba bisibisi. Tulilala chini, mimi upande wa kushoto na mwanawe upande wa kulia, tukawa tunagonga kiboksi kwa mpini kisha tunachoma kwa ncha. Kushoto kuliita, ko ko ko, na ncha haikuingia. Kulia bisibisi iliingia mpaka kwenye mpini, ikatoka na unga mwekundu na sisimizi.

"Upande mmoja mzima," akasema ami.

"Upande mmoja mbovu, baba," akasema mwanawe.

Nikawaambia tusiagize hata raba moja kutoka Uingereza mpaka siti na kapeti zitoke na fundi wa kuchomelea aje aone ubovu umefika wapi. Kama umeishia chini ya mlango, mimi niko na ami. Kama umefika kwenye silinda ya breki na mpaka zinapofungwa springi za nyuma, nitasaidia kuipakia kwenye gari la chuma chakavu. Fundi anakuja Jumamosi. Ami keshawahamisha kuku.