Wimbo wa Saba Uliokatwa kwa Kalamu

Nina karatasi moja niliyoitunza kwa miaka, listi ya nyimbo za shoo. Ilikuwa imebandikwa sakafuni jukwaani, mbele ya maiki, na pembe zake mbili bado zina mabaki ya utepe mweusi. Upande wa chini kuna alama ya soli ya kiatu. Nyimbo 19 zimechapwa kwa herufi kubwa ili mwimbaji aweze kuzisoma akiwa amesimama. Wimbo wa saba umekatwa kwa kalamu ya wino mzito, mistari miwili, na pembeni yake mtu ameandika harakaharaka jina la kibao cha zamani ambacho kila shabiki anakijua.

Fundi mmoja wa jukwaa ndiye aliyenipa, shoo imekwisha, wenzake wanakunja nyaya. Ulikuwa usiku wa pili kati ya maonyesho mawili ya msanii huyohuyo, na mimi nilihudhuria yote mawili. Tulipokuwa tunatoka nilikuwa nimeshaanza kulalamika: listi imejaa ya zamani matupu, jamaa amechoka, hathubutu tena, ana albamu mpya na hajagusa hata wimbo wake mmoja. Nikaikunjua karatasi chini ya taa ya nje. Wimbo uliokatwa ulikuwa ndio mpya, wa albamu hiyo. Jana yake aliuimba.

Na jana yake, alipouimba, mimi nilikuwa nafanya nini? Nakumbuka vizuri mno. Alisema tu, "Huu bado hamjausikia," mpiga drams akaweka fimbo zake chini, gitaa likaanza taratibu peke yake. Nikamgeukia rafiki yangu tukaanza kuzungumzia kibao kilichotangulia, jinsi kilivyopigwa. Nyuma yetu watu wakatoka kwenda kununua vinywaji. Simu zilizokuwa juu zikashuka usawa wa kifua, watu wakawa wanatumiana video walizokwisha kurekodi. Mtu mmoja upande wa kushoto akapaza sauti akitaja kibao cha zamani, kilekile kilichokuja kuandikwa kwa kalamu siku ya pili. Alisikilizwa. Tulisikilizwa sote, hata tusiofungua mdomo kuomba chochote.

Ndiyo maana siku hizi mjadala wa listi za nyimbo unaniumiza. Kila ziara ikianza, listi ya usiku wa kwanza huwa imeshasambaa kabla spika hazijashushwa. Wapo wanaotaka vibao vilivyotamba, kwa sababu wameweka akiba muda mrefu na huenda hawatapata nafasi nyingine. Wapo wanaotaka nyimbo zilizojificha mwisho wa albamu, zile ambazo ukizijua unajiona mwanafamilia. Na wapo wanaosema msanii anayerudia listi ileile kila mji anafanya kazi kwa mazoea tu. Halafu, katika mazungumzo mengine kabisa, watu haohao wanabishana kuhusu tabia za hadhira: simu, kelele, kuimba kwa sauti kumzidi mwimbaji, kusimama mbele ya waliokaa. Tunayachukulia kama mambo mawili. Kwangu ni jambo moja. Listi ya kesho inaandikwa na hadhira ya leo, na kalamu tunaishika sisi bila kujua.

Chukua mfano wa Beatles, bendi ya Uingereza. Tarehe 29 Agosti 1966 walipiga shoo yao ya mwisho ya kulipia, katika uwanja wa Candlestick Park, San Francisco. Nyimbo 11, kama nusu saa hivi, basi. Mwezi huohuo walikuwa wametoa albamu mpya ambayo hadi leo inahesabiwa miongoni mwa kazi zao kubwa, na hawakupiga hata wimbo mmoja kutoka humo. Ni kweli kwamba nyimbo hizo zilikuwa ngumu kuzitoa jukwaani kwa vifaa vya wakati ule. Lakini pia nani angezisikia? Umati ulipiga mayowe kuanzia mwanzo hadi mwisho, kiasi kwamba wenyewe walishindwa kusikia wanachopiga. Watu wale waliwapenda Beatles kwa mapenzi ya kweli, sina shaka. Na mapenzi hayohayo ndiyo yaliyofanya wapigiwe ya zamani, kisha wasipigiwe tena kabisa.

Miezi mitatu kabla ya hapo, Mei 1966, mwimbaji wa Marekani Bob Dylan alikuwa Manchester, Uingereza. Nusu ya kwanza aliimba na gitaa lake kavu, ukumbi ukatulia. Nusu ya pili akarudi na bendi na magitaa ya umeme, watu waliomzoea na gitaa kavu wakachachamaa, hadi mmoja akamwita Yuda, yaani msaliti, kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima. Dylan akamjibu kwamba hamwamini, akaigeukia bendi yake akawaambia wapige kwa nguvu. Watu wanapenda kuisimulia habari hii kama ushindi wa msanii. Mimi namfikiria zaidi yule asiye na moyo wa Dylan. Wasanii wengi wakipokewa hivyo, au wakipokewa kwa migongo tu kama tulivyofanya sisi, wanarudi chumba cha kubadilishia nguo, wanaomba kalamu.

Tuwe wa haki lakini. Kuna sababu za kweli za listi kutobadilika, na shabiki anayezijua anapunguza lawama. Kwenye shoo kubwa za siku hizi taa, picha za skrini na hata moshi vimepangiwa sekunde zake. Wapiga ala wanasikia mdundo wa kuhesabia masikioni mwao, na mdundo huo unakwenda sambamba na mitambo mingine. Ukiondoa wimbo mmoja, watu wengi gizani nyuma ya jukwaa wanatakiwa kujua kabla. Kuna saa ya ukumbi kufungwa. Kuna sauti ya mwimbaji: wimbo wa juu hauwekwi popote, unawekwa pale koo limeshapata moto na halijachoka. Listi nzuri ni kazi ya fundi. Ina mahali pa kukimbia na mahali pa kupumua.

Hata hivyo wapo waliopata njia. Taylor Swift, katika ziara yake ya maonyesho 149 iliyoanza Machi 2023 na kumalizika Desemba 2024, alikuwa na shoo ya zaidi ya saa tatu iliyofungwa kama saa ya ukutani, ila ndani yake alijiachia nafasi ya nyimbo za kushtukiza, kwa kawaida mbili, yeye na gitaa au piano. Bendi ya Metallica mwaka 2023 walianza ziara ya kupiga usiku mara mbili katika kila mji bila kurudia wimbo. Mwimbaji Bruce Springsteen kwa miaka mingi amekuwa akipokea mabango ya mashabiki yenye majina ya nyimbo na kuzipiga papo hapo. Helsinki mwaka 2012 alikaa jukwaani zaidi ya saa nne. Phish, bendi ya Marekani, ndio walionishangaza kuliko wote: mwaka 2017 walipiga usiku 13 katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, nyimbo 237, hakuna hata mmoja uliorudiwa.

Sasa angalia waliokuwa wamesimama mbele yao. Mashabiki wa Phish wamezoea kusikiliza wimbo ukiacha njia yake, ukazurura dakika ishirini, ukarudi. Hawatoki. Wakisikia wimbo wasioujua wanasogea karibu. Wale wa Taylor Swift walikuwa wakisubiri dakika za nyimbo za kushtukiza kwa hamu kuliko vibao vikubwa, na hata waliokuwa mbali, nchi nyingine, walikesha wakifuatilia ni upi utakaoimbwa usiku huo. Hadhira ya namna hiyo inamwambia msanii: jaribu. Ya kwetu usiku ule ilimwambia aache.

Simu, basi, kwa kuwa siwezi kuzikwepa. Sina ugomvi na mtu anayerekodi kiitikio cha wimbo anaoupenda akaweka simu mfukoni. Ninazo video za aina hiyo na huziangalia. Kinachoniumiza ni mkono unaokaa juu usiku kucha. Niliwahi kusimama nyuma ya dada mmoja, hatua kumi hivi kutoka jukwaani, na kwa wimbo mzima nikawa namwangalia mwimbaji akiwa na urefu wa kidole gumba kwenye kioo cha simu yake, ilhali mwenyewe yuko pale, mzima, jasho linamtiririka shingoni. Dada wa watu hakuwa na nia mbaya. Lakini naye alikuwa anamwona kwenye kioo hichohicho. Mwimbaji wa Uingereza Kate Bush aliporudi jukwaani London mwaka 2014, miaka 35 tangu ziara yake ya mwisho, aliwaomba mashabiki waje bila kurekodi, kwa maneno ya upole tu, akieleza kwamba anataka kukutana nao wao kama hadhira na si simu zao. Alipiga usiku 22. Ombi kama lile ningependa kulisikia mara nyingi zaidi, kabla hatujafika kwenye mifuko ya kufungia simu mlangoni.

Kurekodi si uadui na muziki, historia inaonyesha hivyo. Bendi ya Marekani ya Grateful Dead mwaka 1984 waliwatengea mashabiki wenye vinasa sauti sehemu yao rasmi ukumbini. Watu wale walisimamisha maikrofoni juu ya milingoti, wakaiacha mikono yao huru na macho yao jukwaani. Walijua kwamba wakipiga soga, soga itabaki kwenye kanda milele.

Wanaotaka ukumbi ukae kimya kama maktaba nao siwaungi mkono. Hadhira iliyo hai inapumua. Julai 1778 mtunzi Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris kuhusu simfonia yake mpya, yaani kazi ndefu ya okestra: watu walipiga makofi katikati ya muziki, pale alipojua kabisa kwamba watapiga, naye alifurahi. Sehemu ya mwisho akaianza kwa sauti ya chini, kwa fidla chache, waliokaa wakanyamazishana, na ala zote zilipolipuka makofi yakalipuka nazo. Naipenda mno habari hiyo. Watu walinyamazishana wenyewe kwa sababu walikuwa wanafuata. Kelele na ukimya wao vyote viwili vilikuwa kusikiliza.

Kwa hiyo ukiniuliza kuhusu kuimba pamoja na msanii nitakwambia imba. Kiitikio ni chetu. Mwaka 1977 mashabiki wa bendi ya Queen mjini Stafford, Uingereza, waliendelea kuwaimbia bendi hata baada ya shoo kwisha, na mpiga gitaa wao Brian May amesimulia kwamba usiku ule ndio uliomfanya atunge "We Will Rock You", wimbo wa kupigwa kwa miguu na makofi ya umati, ambao leo unajulikana viwanja vyote vya dunia. Lakini anapobaki na gitaa peke yake na sauti imeshuka hadi kunong'ona, hapo mwachie. Sikulipa tiketi nimsikie jirani yangu, hata akiwa na sauti nzuri. Na wanaorusha vitu jukwaani sina hata la kubishana nao. Juni 2023 mwimbaji Bebe Rexha alipigwa na simu usoni akiimba New York, akatolewa jukwaani. Huo ni ukatili, haumo kwenye mjadala wa ladha.

Najua jibu nitakalopewa: nimelipa pesa yangu, nitafanya nitakavyo. Na aliyelipa ana haki kubwa. Ana haki ya msanii anayefika kwa wakati, na hili la kuwachelewesha watu saa mbili wamesimama mimi huliita dharau bila kumung'unya maneno. Ana haki ya sauti ya kweli, siyo pleibeki na mdomo unaofuatisha. Ana haki ya kusikia kibao kilichomleta. Msanii anayekionea aibu kibao chake mbele ya watu waliokipenda miaka ishirini anawakosea. Sijawahi kuomba vibao viondolewe. Naombea wimbo wa saba tu. Dakika nne kati ya dakika mia moja, za kitu ambacho hakuna aliyekizoea bado. Vibao vyote tunavyoviimba kwa moyo leo vilikuwa wimbo wa saba siku moja, na kuna watu fulani, mahali fulani, walivipa masikio.

Msanii wangu yule alirudi mwaka uliofuata, nikaenda. Safari hii sikuangalia listi ya miji iliyotangulia, ingawa marafiki walikuwa wanatumiana. Katikati ya shoo taa zikapungua, mpiga drams akaweka fimbo chini, na mwimbaji akasema wimbo huu ni mpya. Nilimwona akitazama mbele kidogo kabla ya kuanza, jicho likipita juu ya vichwa vyetu. Kijana aliyekuwa kando yangu akaniinamia.

"Kaka, huu ni upi huu?"

"Mpya," nikamwambia. "Hata mimi siujui."

Akaishusha simu yake, akaitia mfukoni. Nyuma yetu kuna waliokuwa wanazungumza, mtu akawanong'oneza, nao wakaacha. Wimbo ulikuwa mrefu kuliko nilivyotarajia na ubeti wake wa tatu sikuuelewa vizuri. Hadi leo sina hakika kama ni wimbo mzuri. Ulipokwisha mpiga gitaa alibaki amelaza kiganja juu ya nyuzi kwa sekunde chache, na hakuna aliyepiga makofi mpaka alipokiondoa.