Virginia ya 2024: mzigo wote mikononi mwa Beekman

Tarehe 19 Machi 2024, mjini Dayton, Ohio, timu ya kikapu ya Chuo Kikuu cha Virginia ilimaliza kipindi cha kwanza ikiwa na pointi 14. Dakika 20 nzima, pointi 14. Ilikuwa hatua ya awali ya mashindano ya taifa ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, dhidi ya Colorado State, na mpaka kipenga cha mwisho kinapulizwa ubao ulisoma 67-42. Virginia ikafunga virago kabla hata timu nyingi hazijagusa mpira.

Tangu siku ile wapenzi wa timu hiyo wamegawanyika. Wako wanaomlaumu kocha Tony Bennett na mfumo wake wa mwendo wa kinyonga. Wako wanaosema mfumo hauna kosa, waliokosa ni gadi, wale wachezaji wa nje wanaopandisha mpira, kugawa pasi na kutupa kutoka mbali. Nimeitazama Virginia kwa mapenzi makubwa, na naona kila upande umeshika kipande cha ukweli, ingawa vipande hivyo havilingani uzito.

Hoja dhidi ya kocha ina nguvu. Ligi ya wanaume ya vyuo inatoa sekunde 30 kwa kila shambulizi, na Virginia ya Bennett ilipenda kuzitumia karibu zote. Ulinzi wake, unaojaza watu karibu na kikapu na kumlazimisha mpinzani atupe kutoka mbali, aliurithi kwa baba yake, Dick Bennett, na ulikuwa wa kiwango cha juu kweli. Lakini timu inayopata mashambulizi machache haina nafasi ya kufidia makosa. Ukikosa mara nne mfululizo katika mchezo wa kasi, bado muda upo. Ukikosa mara nne mfululizo katika mchezo wa Virginia, dakika kadhaa zimeyeyuka na jukwaa limenyamaza. Halafu kuna wakati ambao timu karibu zote hufunga kwa urahisi, yaani pale ulinzi wa mpinzani haujajipanga. Virginia iliuacha mara nyingi upite, ikasubiri wapinzani watano wajipange ndipo ianze kutafuta njia.

Februari ya mwaka huo ilionyesha yote haya. Tarehe 17 waliifunga Wake Forest 49-47 nyumbani huku wakiingiza mtupo huru mmoja tu kati ya 11. Siku mbili baadaye Virginia Tech wakawabamiza 75-41. North Carolina wakaja wakashinda 54-44, na Machi 2 Duke wakamaliza 73-48. Timu iliyomaliza ya tatu katika ligi ngumu ya ACC ilikuwa inapigania kufika pointi 50.

Basi ni mfumo? Hapo ndipo ninapotengana na kambi hiyo. Mwaka 2019 kocha alikuwa huyuhuyu, na mwendo ulikuwa wa polepole vilevile. Wakachukua ubingwa wa taifa kule Minneapolis kwa kuifunga Texas Tech 85-77 katika muda wa nyongeza, na msimu ule ushambuliaji wao ulikuwa miongoni mwa bora nchini ukiupima kwa pointi kwa kila shambulizi. Siku ya fainali Kyle Guy alifunga 24, Ty Jerome 16 na kutoa pasi nane za kufungia, De'Andre Hunter 27. Kihei Clark, mdogo wa umbo na wa mwaka wa kwanza, alikuwa gadi wa tatu anayeweza kupokea mpira na kuamua. Mpinzani akimbana Jerome, Guy yuko pembeni. Akimkimbilia Guy, Clark anaingia katikati. Na kama mfumo huu unaua gadi, Malcolm Brogdon aliyelelewa ndani yake asingekuwa mchezaji bora chipukizi wa NBA mwaka 2017.

Sasa itazame 2024. Reece Beekman, gadi mkuu wa timu, alikuwa mchezaji bora wa ulinzi wa ACC kwa mara ya pili mfululizo, na ndiye aliyebeba pasi na pointi za timu. Isaac McKneely alikuwa hodari wa pointi tatu, lakini kazi yake ilikuwa kuzunguka nyuma ya wenzake wakubwa waliosimama kumkinga, apokee na kutupa. Hakuwa mtu wa kumpita mlinzi wake na kuuvunja ulinzi. Andrew Rohde alihamia kutoka St. Thomas, ambako alikuwa mfungaji mkubwa, akafika Charlottesville, mji wa chuo cha Virginia, akawekwa pembeni asubiri pasi. Akapotea. Ryan Dunn alizuia mitupo kama mtu mzima wa NBA, na kweli Phoenix Suns walimchukua raundi ya kwanza, ila mbali na kikapu wapinzani walimwacha peke yake bila hofu. Kwa hiyo kila Beekman alipoingia katikati alikuta walinzi watatu: wake, wa Dunn, na wa yule mrefu aliyesimama chini ya kikapu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wanaomlaumu Beekman husema alitoa pasi mno wakati alipotakiwa kujilazimisha kufunga. Wana haki kiasi. Kuna usiku alihitaji kuwa mchoyo zaidi. Lakini ukimlaumu yeye kwa Dayton, ueleze alipaswa kupita wapi.

Ushahidi unaonishawishi zaidi ni Rohde. Msimu uliofuata Beekman alikwenda zake, Rohde akakabidhiwa mpira, na akacheza vizuri kuliko alivyocheza akiwa pembeni. Maana yake mwaka 2024 timu ilikuwa na mchezeshaji wa pili ndani ya kikosi chake chenyewe, ikamtumia kama mtupaji wa kusubiri. Kosa hilo si la mwendo wa polepole wala si la gadi. Ni la aliyegawa majukumu, na la waliounda kikosi kikawa na watupaji wachache namna ile. Bennett anabeba lawama, sawa, ila si kwa sababu ile inayotajwa kila siku.

Haki ya Bennett pia isemwe, maana bahati nayo ilimkimbia. Hata Machi ileile, katika nusu fainali ya ACC, Virginia iliongoza kwa pointi tatu. McKneely akakosa mtupo huru, Michael O'Connell wa NC State akatupa mpira wa pointi tatu uliogonga ubao na kuingia muda ukiisha, na NC State wakashinda 73-65 katika nyongeza, kisha wakaenda mpaka nne bora ya taifa.

Oktoba 2024 Bennett alistaafu, akisema mazingira mapya ya uhamisho na malipo ya wachezaji hayamfai tena. Ron Sanchez akashika kwa muda na kumaliza na ushindi 15 na vipigo 17. Machi 2025 chuo kikamwajiri Ryan Odom, kocha yuleyule ambaye mwaka 2018 aliiongoza UMBC kuifunga Virginia 74-54, mara ya kwanza kwa timu iliyopangwa nafasi ya 16, yaani ya mwisho, kuing'oa iliyopangwa ya kwanza upande wa wanaume. Nitakachomtazama nacho si kasi yake. Nitahesabu ni wachezaji wangapi uwanjani anaowaamini na mpira sekunde zinapobaki kumi.