Kuskusi haina kosa, mwenye kesi ni sosi

Sahani zilirudi jikoni zikiwa zimeliwa upande mmoja tu. Pilau imekwisha, ndizi nyama imekwisha, kuku kabaki mifupa, na pale pembeni kila sahani ina kilima kidogo cha kuskusi kilichochotwa kijiko kimoja na kuachwa. Ilikuwa kipaimara cha mtoto wa dada yangu, hapa Moshi, na hiyo saladi ndiyo iliyokuwa mchango wangu. Nilikuwa nimenunua pakiti tatu za nusu kilo, nikakata hoho za rangi zote, nikatia mahindi ya kopo, halafu nikamimina mayonezi nusu chupa. Nilijiona mpishi wa hoteli.

Shangazi alionja, akatafuna taratibu, akaniuliza, "Mwanangu, hizi si ndizo zile chenga tunazowapa vifaranga?"

Nikacheka ili yaishe. Ila kilichoniuma nilikiona wakati wa kukusanya vyombo. Bakuli la kachumbari lilikuwa tupu, na mama mmoja wa kamati alikuwa ameliinamisha anakomba yale maji ya chini kwa kijiko na kuyamwagia kwenye pilau yake. Nyanya, chumvi, ndimu, kitunguu, pilipili. Mayonezi niliyoinunua kwa bei mbaya inagandia kwenye kuskusi hakuna anayeitaka, huku watu wanagombea maji yaliyojitengeneza yenyewe chini ya bakuli.

Tangu siku hiyo sijanunua tena sosi ya chupa kwa ajili ya saladi. Na kila mtu akiniambia kuskusi haina ladha, namjibu kwamba ni kweli haina, na haikuumbwa iwe nayo. Ladha yote iko kwenye kile unachoimiminia, ambacho wahudumu wa hotelini wanakiita dresingi na mimi naita sosi tu.

Tuifahamu kwanza yenyewe. Kuskusi ni ngano ngumu iliyosagwa chengachenga, ikanyunyiziwa maji na kuviringwa mpaka iwe punje ndogondogo. Kwa hiyo shangazi hakukosea sana. Kwao ni Afrika ya Kaskazini. Algeria, Moroko, Tunisia na Mauritania, nchi ambazo hazikubaliani mambo mengi, zilikubaliana kupeleka ombi la pamoja UNESCO, na mwaka 2020 ujuzi wa kuiandaa kuskusi ukaingizwa kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Kule wanaipika kwa mvuke, chungu cha matundu kikiwa juu ya sufuria ya mchuzi, kisha wanaila ya moto na mchuzi ule ule juu yake. Huku kuila baridi kama saladi ni mazoea ya Ulaya zaidi. Wafaransa ndio walioichukua tabule ya Kilebanoni, saladi inayotengenezwa kwa bulguri, yaani ngano iliyochemshwa, ikakaushwa na kuvunjwavunjwa, wakaigeuza kwa kuskusi. Ninachotaka ukione ni kwamba hata kwa wenyewe kwa kawaida hailiwi kavu. Mchuzi ndio unaoibeba.

Hii ya pakiti tunayoipata madukani imeshapitishwa kwenye mvuke kiwandani ikakaushwa, ndiyo maana inaiva kwa dakika tano za maji ya moto tu. Ikiwa kavu ina kiu, na itakunywa chochote utakachoipa kwanza. Hapo ndipo wengi tunapoharibu. Tunaipa maji mpaka inatosheka, halafu tunashangaa kwa nini sosi inaelea juu au inajikusanya chini ya bakuli. Mara yangu ya pili kuijaribu nilizidisha maji kabisa, ikawa bokoboko lisilo na nyama. Mume wangu alikula bila kusema neno, na mimi namjua, kimya chake ni maoni.

Sasa nafanya hivi. Kikombe kimoja cha kuskusi, robo tatu ya kikombe ya maji yanayochemka yenye chumvi kidogo, nafunika dakika tano, nachambua kwa uma. Inatoka ngumu kidogo, bado ina kiu. Hapo hapo, ikiwa inatoa mvuke, inapata nusu ya sosi. Nusu nyingine naiweka mpaka dakika ya kuandaa mezani, kwa sababu punje zitaendelea kunywa, na chakula kikipoa ulimi nao unapunguza kusikia baadhi ya ladha. Saladi iliyokolea saa nne asubuhi huwa imepooza ikifika saa saba mchana.

Na sosi yenyewe ni yale maji ya kachumbari, ila sasa unayatengeneza kwa makusudi.

Nenda sokoni asubuhi. Mimi naenda Soko Kuu, lakini Mbuyuni pia utapata, na ukiwa Arusha nenda Kilombero, au subiri Jumatano na Jumamosi uende Tengeru. Chagua nyanya zilizoiva mpaka zinaanza kulegea, zile ambazo muuzaji anakuambia, "Dada, hizi za kupikia leo leo." Ndizo zenye maji. Nne zinatosha kikombe kimoja na nusu cha kuskusi. Zikate ndogo, nyunyiza kijiko cha chai cha chumvi, ziweke kwenye chujio juu ya bakuli, ondoka. Chumvi itavuta maji yenyewe. Baada ya dakika ishirini chini ya chujio kuna maji ya rangi ya waridi, karibu nusu kikombe. Yaonje. Utaelewa kwa nini yule mama aliinamisha bakuli.

Wakati nyanya zinachuruzika, kwangua punje mbili za kitunguu saumu ndani ya maji ya ndimu mbili, uziache humo. Hili nimelijua nimechelewa. Kitunguu saumu kikikwanguliwa kikavu kinazidi kuwa kikali kila dakika inayopita, lakini kikikutana na tindikali mapema ukali unazuiwa, kinabaki na harufu nzuri bila ule moto unaokaa kooni hadi usiku. Chumvi nayo, kama inahitajika ya ziada, iyeyushwe kwenye ndimu kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye mafuta haiyeyuki, utakuja kuitafuna.

Halafu binzari nyembamba. Kijiko cha chai, kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka jiko zima linukie pilau. Twanga. Pasha vijiko vinne vya mafuta, mimina juu ya binzari, acha ipoe. Harufu ya viungo vingi hutoka vizuri kwenye mafuta kuliko kwenye maji, ndiyo maana binzari iliyotupwa mbichi kwenye saladi inakuwa vumbi tu mdomoni.

Mafuta gani? Hapa najua nitagombana na watu. Zeituni ni mazuri, sikatai, lakini bei yake mnaijua, na saladi yako ikilala kwenye friji yanaganda, asubuhi unakuta punje zimeshikana kama mshumaa. Mimi natumia alizeti, na siyo ile iliyosafishwa mpaka ikawa kama maji. Natafuta ya Singida iliyokamuliwa tu ikachujwa, ya rangi ya dhahabu, ambayo ukifungua kifuniko unasikia mbegu yenyewe. Watu wanaikataa kwa kukaangia kwa sababu ina harufu. Kwenye saladi harufu hiyo ndiyo tunayoitafuta!

Changanya vyote kwenye chupa ya jamu yenye mfuniko: maji ya nyanya, ndimu yenye kitunguu saumu, mafuta yenye binzari, pilipili mbuzi iliyokatwa nyembamba sana ukiipenda. Tikisa. Vitajitenga tena baada ya muda mfupi, kama mafuta na maji siku zote. Ukitaka vishikane zaidi weka kijiko cha chai cha haradali, au siagi ya karanga. Siagi ya karanga inaipa uzito na hakuna atakayejua ni nini, watakuuliza tu umeweka nini humu.

Vitabu vingi vya mapishi vinasema mafuta vipimo vitatu kwa kipimo kimoja cha kitu kichachu. Kwa majani ya saladi sawa. Kwa kuskusi, hapana. Punje ni wanga, zinameza uchachu na chumvi na kuvificha, kwa hiyo mimi napima kimoja kwa kimoja, na ukiionja sosi peke yake kwa kijiko inatakiwa ikukunje uso. Kama ni tamu kwenye kijiko, kwenye sahani itakuwa haipo.

Nyanya zenyewe, zile zilizobaki kwenye chujio, zinarudi kwenye saladi pamoja na kitunguu kilichooshwa kwa chumvi kama mnavyofanya kwenye kachumbari, tango, na giligilani nyingi kuliko unavyodhani inafaa.

Baada ya hiyo, ninayoipenda ni ya ukwaju. Loweka ukwaju kiasi cha yai kwenye nusu kikombe cha maji ya moto, uvuruge kwa vidole mpaka mbegu na nyuzi zibaki peke yake, chuja. Uchachu wa ukwaju ni mzito, una utamu kwa mbali na rangi ya kahawia, haukatizi kama ndimu. Weka asali kijiko, tangawizi iliyokwanguliwa, chumvi, mafuta ya alizeti, na karanga za kukaanga zilizotwangwa nusunusu juu kabisa. Hii inapenda karoti iliyokwanguliwa na maboga yaliyochomwa. Ukiwa na mabaki ya mbuzi choma ya jana, yachambue uyatie, na usimwambie mtu kwamba ni mabaki.

Ya mtindi ni rahisi kuliko zote: mtindi mzito, nanaa, ndimu, chumvi, kitunguu saumu. Usiimimine kwenye kuskusi ya moto, itakatika. Na hailali. Ile ya jana inachacha kwa namna isiyopendeza.

Parachichi najua mtaniuliza, maana tuko Kilimanjaro na kila ua una mti. Jibu langu ni hapana kwa sosi. Parachichi likisagwa linaanza kubadilika rangi, ndimu inachelewesha tu, haizuii, na zaidi ya hapo ni mafuta mazito yanayozunguka punje badala ya kuingia. Ni kosa lile lile la mayonezi, limevaa kijani. Likate vipande, liweke juu wakati wa kula, liheshimu.

Kuna rafiki yangu anayeniambia haya yote ni ya watalii, kwamba mtu mwenye akili zake hawezi kununua pakiti ya ngano iliyotoka ng'ambo wakati mchele upo. Ana hoja. Kuskusi ni ghali kuliko mchele wa kawaida na sisemi mtu aile kila siku. Lakini yeye anafanya kazi ofisini mjini na kila mchana ananunua chipsi. Maji ya birika moja, dakika tano, bila kuwasha jiko la gesi: mchele hauwezi hiyo. Na sosi hizi hazibagui. Ya nyanya na binzari nimeimwagia wali uliolala. Ya ukwaju nimeipaka ndizi za kuchoma. Shangazi alipokuja kunitembelea mwezi uliopita nilimwandalia kuskusi kwa woga, akala nusu sahani, akasukuma iliyobaki, akavuta chupa ya sosi ya ukwaju karibu yake.

"Chenga zako ni zako," alisema. "Hii nifungie niende nayo."

Nikamfungia. Onyo moja kwa wanaobeba chakula kazini: chupa isimame wima, na uifunge kwenye mfuko wake peke yake. Bajaji za mjini na matuta yetu hazina urafiki na mifuniko ya jamu. Nina mkoba wa ngozi unaonukia kitunguu saumu tangu Machi na sijapata dawa yake.

Desemba kuna kipaimara kingine, cha mdogo wake yule wa kwanza, na dada yangu ameniomba nilete saladi, safari hii akisisitiza neno "yoyote" kwa namna ninayoielewa. Napeleka kuskusi. Itakuwa kwenye hotpoti, imekunywa nusu ya sosi, na pembeni nitaweka majagi mawili, la nyanya na la ukwaju, yenye vijiko virefu. Nimeshamwomba anipangie kiti karibu na meza ya vyombo vichafu.