Kukatwa tumbo, halafu sindano tena?

Harusini Langoni, hapa Lamu, mwezi uliopita, sinia la biriani liko kati yetu watu wanne, mtoto wa dadangu kala matonge matatu tu akatoa mkono. Ma mmoja mtu mzima kamtizama weee, halafu akaniuliza mimi, si yeye: "Huyu si ndo mlosema kakatwa tumbo huko Marekani? Mbona karudi kunenepa?" Mtoto yuko hapo hapo, miaka 18, Kiswahili anakijua vizuri tu.

Na hapo hakujua la sindano, angejua ingekuwa kisa kizima.

Oparesheni alifanyiwa akiwa na miaka 16, ile ya kuondoa karibu asilimia 80 ya tumbo la chakula likabaki jembamba kama ndizi. Alikuwa na sukari, usiku anakoroma mpaka pumzi inakatika, kwa hiyo msiniambie habari ya urembo. Kilo zikashuka kweli, mwaka wa pili zikaanza kurudi pole pole, daktari wake akamuongezea semaglutide, dawa ya kupunguza njaa na uzito, sindano moja kila wiki, basi huku nyumbani ikawa kilio, ati pesa zimekwenda na maji, ati mtoto hana subra.

Subra gani jamani? Mwili ukipungua wenyewe unapigana urudi ulikotoka, njaa inazidi na matumizi ya nguvu yanashuka. Utafiti wa Marekani unaoitwa Teen-LABS uliwafuata vijana waliopasuliwa, na baada ya miaka 10 uzito wao ulikuwa bado chini kwa kama asilimia 20, kwa wastani. Kwa wastani, yaani wako waliorudi juu. Hao wafanywe nini, watukanwe? Yule ma mwenyewe ana dawa za presha kwa mkoba, nimemuona akimeza, na hakuna aliyemwambia hana subra.

Sisemi hii dawa ya sindano haina maneno. Huko Marekani imeruhusiwa kwa watoto wa miaka 12 na zaidi tangu Desemba 2022, lakini utafiti wa vijana waliokwisha kukatwa tumbo bado ni mchache. Inatia kichefuchefu, na huyu wetu anakula kidogo tayari, akikosa samaki na mayai yake na vidonge vya madini na vitamini B12 atadhoofika. Akiiacha, kilo zinarudi. Na bei yake usiulize. Hayo ndo ya kumuuliza daktari, wala si ya kuulizana juu ya sinia.

Ijumaa stima ikapotea tangu asubuhi, joto la Lamu mnalijua, na kalamu za sindano ziko kwa friji yangu pembeni ya jagi la ukwaju. Nikazitia kwa mfuko na barafu mbio kwa jirani mwenye sola. Akauliza ni nini, mimi huyu huyu ninayewapigia kelele hapa nikamwambia ni insulini. Akasema maskini, akasogeza maziwa, akaziweka.