Twasogeza Saa Mbele

Nikaha ya dada yangu ilikuwa Jumapili, Machi 10, 2024, hapa Mombasa. Ramadhani ilikuwa imebisha hodi, na kila mwenye mchumba mjini alikuwa amekumbuka kuoa wiki hiyo hiyo. Kadhi tulimpata kwa saa 10 alasiri, na kwa kubembeleza. Baba ametangulia mbele ya haki, hivyo walii, yaani msimamizi wa bibi harusi, ni ami yetu aliyeko Columbus, Ohio, Marekani. Angetoa uwakala, yaani idhini kwa kadhi amwozeshe dada, kwa simu ya video. Fundi mitambo nikateuliwa mimi, kwa sababu niliwahi kumtengenezea bibi redio. (Ilikuwa betri tu, lakini hawajui.)

Hesabu niliipiga mwenyewe. Columbus iko nyuma yetu kwa saa 8: kumi alasiri kwetu, saa 2 asubuhi kwake. Nikamtumia ujumbe.

Jumamosi ami akaniletea sauti: "Mwanangu, usisahau, usiku huu twasogeza saa mbele."

Sasa, mtu wa Mombasa akikwambia tusogeze saa mbele, ataka kuchelewesha shughuli. Nikahamaki. "Ami, hatusogezi chochote! Saa 2 ni saa 2. Kadhi hana nafasi nyingine!"

Kimya kidogo. Kisha: "Haya baba. Saa 2."

Jumapili saa 9 mchana niko uani, kifua wazi, kikoi kiunoni, nimeinamia sufuria ya biriani kukagua nyama. Nilikuwa nakagua pande la tatu. Simu ikalia, kidole chenye samli kikateleza, ikapokewa.

Kwenye kioo, ami: kanzu, joho, kilemba. Nyuma yake wazee wawili wenye ndevu nyeupe na moshi wa udi.

"Assalamu alaykum!"

Nyama ilikuwa ya moto, hatemi mtu wala hamezi. Nikapunga mkono. Mzee mmoja akasogea karibu na kamera, akauliza kwa upole, "Huyu ndiye bwana harusi?"

Kumbe Marekani, Jumapili ya pili ya Machi, ikifika saa 8 usiku wanairusha hadi saa 9. Tofauti yetu inashuka kuwa saa 7, mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba wairudishe. Kati ya majimbo, Arizona na Hawaii tu, tena si Arizona yote, ndizo zilizogoma. Saa 2 ya ami ilikuwa saa 9 yetu, na mimi ndiye niliyemlazimisha.

Bibi, ambaye saa 12 yake ni jua kuchomoza, Machi au Agosti, akanyakua simu. "Kwani huko jua latoka kwa amri ya serikali?"

"Mama, jua halina habari. Ni sisi tu tumeibiwa saa ya usingizi."

Wazee hawakuweza kungoja. Ami naye alikuwa na zamu ghalani. Kadhi alipofika saa 10, walii wetu alitokea kwenye kioo akiwa na fulana ya rangi ya chungwa yenye mistari ya kung'aa juu ya kanzu, mashine ya kubebea mizigo ikilia pii-pii nyuma yake. Kwa kelele hizo, uwakala tuliusikia aliporudia mara ya tatu. Nikaha ikapita.

Ami, lakini, alikuwa amerekodi ile simu ya saa 9. Ukoo mzima unayo.

Novemba 3 nikapata ujumbe wake: "Leo twarudisha saa nyuma. Vaa shati."