Usipite mlango waliokufungulia wao

Meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" sote tunaicheka. Tunaitupia kwenye gurupu, tunamtania tapeli, maisha yanaendelea. Mimi ni mchekaji mkubwa. Mwaka jana, saa tatu asubuhi, chai bado ya moto, niliandika nywila yangu ya kazini kwenye ukurasa wa matapeli bila kulazimishwa na mtu. Barua pepe ilisema sanduku langu limejaa na ujumbe utaanza kurudishwa mchana. Nami nilikuwa nasubiri barua ya mteja.

Kijana wetu wa kompyuta akaniuliza, "Kaka, hukuona makosa kwenye Kiingereza chake?" Makosa gani? Kilikishinda changu. Ushauri huo umezeeka: siku hizi akili bandia humwandikia tapeli hata Kiswahili sanifu. Na kile kikufuli kando ya anwani kinasema tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani. Hakisemi anayekusubiri huko mwisho ni nani. Tapeli naye hukipata, tena bure.

Ninachoamini sasa ni kwamba kazi ya upelelezi tuiache. Machi 2016, John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton ya urais wa Marekani, aliletewa barua iliyovaa sura ya Google: kuna mtu ana nywila yako, ibadilishe. Watu wake hawakukurupuka, walimuuliza mtaalamu. Mtaalamu akajibu kuwa barua ni halali. Baadaye alieleza kwamba alikusudia kuandika kinyume chake. Kila anayesimulia kisa hiki husimama kwenye kosa hilo. Mimi naona jingine. Katika jibu lilelile aliwawekea anwani ya kweli ya Google ya kubadilishia nywila. Wangepita hapo, neno "halali" lisingewadhuru kitu. Wakarudi kubonyeza ile ya kwenye barua, na Oktoba WikiLeaks, tovuti ya kuvujisha siri, ikaanza kumwaga barua za mzee hadharani.

Kwa hiyo sijiulizi tena kama barua ni ya kweli. Benki imeandika? Nafungua programu ya benki mwenyewe, au napiga namba iliyo nyuma ya kadi. Mamlaka ya kodi? Naandika tra.go.tz kwa vidole vyangu. Mzabuni amebadilisha akaunti ya malipo? Nampigia kwa namba niliyokuwa nayo tangu zamani, si ile aliyoniwekea chini ya barua. Hili la mwisho si la wenye maduka madogo tu: kati ya 2013 na 2015 Google na Facebook walimlipa Mlithuania mmoja, Evaldas Rimasauskas, zaidi ya dola milioni 100, kwa sababu ankara zake zilibeba jina la Quanta, kampuni ya Taiwan waliyokuwa wakifanya nayo biashara kweli.

Namba za uthibitisho zinazokuja kwa meseji zinasaidia, washa. Ila ukurasa wa uongo nao unaweza kukuomba namba hiyo na kuitumia papo hapo. Mimi nimependa zaidi programu ya kutunza nywila, kwa sababu haidanganyiki na nembo: anwani isipokuwa ileile, haijazi kitu. Inapogoma, nami nagoma.

Kitu kimoja tu nilikifanya sawasawa asubuhi ile: sikuona haya. Nilipaza sauti ofisi nzima kwamba nimebonyeza. Wengine walicheka, haki yao. Tukabadilisha nywila, tukafunga vifaa vyote vilivyokuwa ndani ya akaunti, kisha kijana akaingia kwenye mipangilio. Akanionyesha kanuni mpya ambayo sikuiweka mimi: kila barua yenye neno "ankara" ipelekwe kwenye anwani ya nje, kisha ifutwe kwangu. Walikuwa wameishika akaunti kwa dakika zisizofika ishirini.